Fomu ya Nyuso Tano

Ilikuja na boti ya asubuhi kutoka Unguja,
bunda zima, bado linanuka wino:
nyuso tano za duara, wa kwanza umenuna, wa tano meno nje,
na juu yake: *Mteja wetu, umeridhika?*

Mie nakaa dirisha la pili, tawi la Chake,
chini ya feni inayozunguka kama inadaiwa.
Kazi yangu kupokea madai,
kuyapiga muhuri,
kuyalaza.

Bi Time Shaame wa Machomane aliingia saa nne,
ncha za vidole nyekundu kwa ubuyu.
Friza tatu. Barafu za ubuyu, za ukwaju, za maziwa na iliki,
skuli mbili zinamtegemea yeye kupoa.
Umeme ulikatika Alhamisi magharibi,
ukarudi usiku wa manane kwa hasira,
mota zote tatu zikalia mlio mmoja
kama paka aliyekanyagwa,
kisha kimya, kisha harufu.
Asubuhi ukumbi mzima mwekundu,
sisimizi wako arusini.

Miaka minne analipa. Hajaruka mwezi.
Noti zake nazijua kwa kunata:
nikizihesabu zinanishika vidole
kama hazitaki kwenda.

Nikamfungulia ukurasa wa kumi na saba,
maandishi madogo kama mayai ya chawa:
*isipokuwa hasara itokanayo na kupanda au kushuka
kwa nguvu za umeme.*
"Isipokuwa," akarudia, polepole,
kama anaonja chumvi ya mchuzi wa mwenziwe.
"Moto umo?"
Umo.
"Mafuriko?"
Yamo.
"Na kile kinachotufika kila wiki, ndicho hakimo?"

Nikatazama feni.

"Watu husema kukata bima. Kumbe kweli.
Mie nimeikata elfu kumi na mbili kila mwezi,
yenyewe imenikata mara moja tu, mpaka mfupa."

Wiki ile ile meneja wetu, Bwana Asaa,
alitusomea barua ya makao makuu:
faida imepanda, mwaka wa tatu mfululizo;
katika kila shilingi mia tulizokusanya
tumerudisha ishirini na tisa.
Tukapigwa picha na keki yenye nembo ya mwavuli.
Nilipouma kipande changu nikahisi iliki.
Pengine ni mie tu.

Halafu ile fomu. Sharti kila mteja ajaze.
Bi Time alichukua kalamu yangu,
akazipita nyuso zote tano
kama mtu apitaye baraza ya waliomsengenya,
hakuamkia hata mmoja.
Pembeni akachora wa sita:
macho mawili, masikio, hauna mdomo.

Mfumo haupokei uso wa sita.
Nikampigia simu kijana wa takwimu kule Malindi;
akasema, "Usioeleweka, tia tatu. Wastani."
Nikatia tatu.
Ripoti ikatoka: wateja wameridhika, asilimia themanini na moja.

Sasa Machomane kuna kisanduku cha bati, kufuli tatu,
funguo kwa wanawake watatu wasiopendana sana.
Elfu mbili kila Jumamosi. Kifungu chao kimoja:
kilichoharibika tukakione kwa macho.
Mota ya kwanza imeshanunuliwa.

Jana Bwana Asaa kaniuliza mbona mtaa ule
hauhuishi mikataba.
Labda wanataka kalenda?

Jioni nikapita pale. Friza moja inanguruma.
Akanipa ya ukwaju, pesa akakataa.
"Kinga na kinga ndipo moto uwakapo," akasema,
"nyie mlichukua kinga zetu mkaota peke yenu.
Sasa niambie, mwanangu:
siku sote tusiporudi, nyie mmekata bima wapi?"

Jibu ninalo. Lipo katika kijitabu cha mafunzo, ukurasa wa tatu.
Barafu ikanichuruzika hadi kiwikoni,
nami nimesimama tu,
mdomo umejaa baridi.