Sehemu ya Nne

Karatasi ina sehemu kumi na sita.
Nimezipitia zote kwa Kiingereza changu cha kuokoteza,
saa tisa usiku, kantini ya kiwanda cha mikate, Hull,
chai ikipoa, Kashindi akiningoja
ndani ya buti mpya zisizomtosha.

"Basi niambie. Ni sumu?"

Ni sumu, lakini si ya kunywa tu. Ngoja.
Unayajua magadi, waliyotia bibi zetu
kwenye maharage yakakubali kuiva?
Huyu ni ndugu yao, yule asiyealikwa harusini.
Kuna ngazi yenye vidato kumi na vinne:
maji yamekaa cha saba, hayana ugomvi na mtu,
huyu kapanda hadi cha kumi na tatu na ushei.
Hana rangi, hana harufu, hawaki moto.
Ukimchungulia ndani ya dumu la buluu
utasema maji ya mvua.

Ndimu ikiingia kidondani unapiga kelele,
unaosha, yamekwisha.
Huyu hapigishi mtu kelele.
Mwaka juzi niliinua mkono kusugua dari ya oveni,
tone likateremka ndani ya glavu, karibu na kiwiko.
Nikahisi utelezi. Nikasema, aa, sabuni,
nikaendelea na kazi dakika kumi nzima.
Ilikuwa sabuni kweli, Kashindi.
Ilikuwa inapikwa pale pale, kwa mafuta yangu.
Ule utelezi ulikuwa mimi.

Anatazama kovu. Haulizi.

Kwa hiyo pindo la glavu likunje nje, hivi,
liwe kama kibakuli cha kukinga matone.
Maji yatangulie ndooni, dawa ifuate;
ukigeuza itachemka ikurukie usoni.
Trei za alumini usizikaribie nayo:
hutoa povu, na ndani ya povu hewa inayolipuka.
Na wewe mtu wa hekima za jikoni, siki weka mbali.
Likikupata jichoni, acha ndoo, acha haya,
kimbilia bomba la macho, yafumbue kwa vidole.
Dakika ishirini kwa saa ya ukutani,
maana moyo utakwambia imetosha kwenye ya tatu.

Bwana Hollis analalamika napoteza maji
kulifungulia bomba lile kila Ijumaa.
Nalifungulia tu.
Mara ya kwanza lilikohoa kutu.

Sehemu ya nne imeishia hapa:
mwonyeshe daktari karatasi hii.
Haikusema aonyeshwe na nani,
kwa mdomo gani, mtu akiwa hauoni hata mlango.
Nikageuza ratiba ya zamu nikaanza kuandika upya,
kwa lugha yetu, herufi kubwa,
nikakwama kwenye neno moja. Babuzi?
Kali? Inachubua?
Kashindi akanyoosha kidole chenye glavu,
pindo limekunjwa nje.

"Andika: inakula.
Inakula, na haipigi hodi."

Nikaandika.
Tukabandika juu ya madumu, kwa utepe wa kufungia mikate.