Mistari Miwili Mitupu

Madaftari thelathini na moja, moja kwa kila mwaka,
yaliletwa ofisini Malindi ndani ya gunia la mahindi
na mjukuu wake, aliyeniuliza mlangoni:
"Makaratasi haya ya nyanya yana faida gani?"

Nyevu wa Kahindi, mfagizi wa zahanati ya Sabaki.
Kila siku saa tatu kamili, kabla ya kushika ufagio,
alikiinamia kipimamvua, akamimina, akasoma
jicho sawa na maji, kama anayempimia mtoto dawa.
Sifuri. Sifuri. Nne nukta mbili. Sifuri.
Januari nzima ni sifuri, na kila moja
ameiviringa kwa mkono; hakuna "kama hapo juu."

Kazi yangu mimi ni uchoyo:
katika siku zote za mwaka nachukua moja,
iliyonyesha kuliko wenzake, nyingine natupa.
Mvua thelathini na moja. Nazipanga, kubwa mbele,
kisha naiuliza kila moja: hurudi baada ya muda gani?
Ya kwanza hujibu: miaka thelathini na miwili, takriban.
Hapo nukta zinakwisha.
Lakini daraja linataka mvua ya miaka mia,
basi naukokota mstari, kupita nukta ya mwisho,
kwenye karatasi nyeupe,
na mkono unajua kwamba sasa unabuni.

Mwambire anajenga bondeni, chini ya daraja.
"Hiyo ya miaka mia si ilikuja nikiwa kijana?
Basi tumeshalipa. Itarudi kwa wajukuu."
Nikamwambia mto hauna kalenda.
Kila mwaka unatia mkono mfukoni, mna punje mia,
moja nyekundu, na punje hurudishwa.
Nyumba ikisimama miaka thelathini,
ni robo na ushei kwamba nyekundu itatoka.
"Robo tatu zangu, basi," akasema, akarudi kwenye matofali.
Na hesabu hakuikosea.

Pembeni, kwa penseli, Nyevu aliandika
yasiyokuwa na safu:
"Leo jua kali. Mvua sifuri. Mto umefika ngazi ya pili."
Maana Sabaki haombi ruhusa kwa wingu la Malindi.
Ilinyesha juzi, bara, kwa watu wengine;
yanashuka maji na udongo wao.
Kipimamvua kikavu, mbuzi wanaelea.

Daftari la kumi na tisa, Novemba.
Tarehe kumi na sita: mia moja arobaini, wino umetawanyika.
Kumi na saba, tupu.
Kumi na nane, tupu.
Kumi na tisa: "Chupa imechukuliwa na maji.
Nilikuwa juu ya paa na watoto saba. Wanne si wangu."

Kompyuta yauliza nijaze nini.
Sifuri ni uongo. Wastani ni uongo uliovaa tai.
Na nikiacha wazi, mstari wangu unalala chini kidogo,
na daraja linakuwa fupi kidogo.

Nikampigia mjukuu: nenda zahanati, chukua futi kamba.
Jioni akanijibu. Kuta zimepakwa rangi mara tatu,
ila nyuma ya kabati la dawa, ambako brashi haikufika,
kuna ukoka wa tope, mita mbili na vidole vinne,
na kando yake, kwa penseli,
tarehe kumi na saba.