Tundu Moja

Harusini Kikwajuni nilisimama nyuma ya pazia,
sinia la halua mikononi, zamu yangu ya kupitisha.
Upande wa wanaume, Mundhir bin Seif akamwambia mwenzake:
"Si haba, uso anao.
Ila mamake si ndiye yule anayeshona kofia za watu?"

Sinia halikutikisika.
Niliitazama kofia iliyomkaa kichwani,
kiua cheupe juu ya cheupe, ukingo umesimama,
nikaitambua kama mtu anavyotambua kikohozi cha nduguye.
Miezi minne niliitoboa, kwa kandili, umeme umekatwa,
na safu ya tatu, karibu na sikio la kushoto,
nilisinzia
nikaruka tundu moja.

Basi maneno yake aliyasema
chini ya kazi ya mkono wangu.

Mama hana habari. Mama ana mabinti wanne na kalenda.
Kila asubuhi huhesabu: nani karudi kutoka Maskati,
nani kajenga Mbweni, nani mkewe mgonjwa.
"Mungu amponye," husema. "Lakini asipopona..."

Mfungo sita akaja mshenga, Bwana Sleyum,
ananukia udi hata paka wetu alihama.
Akanywa kahawa, akamung'unya kashata, akakohoa.
Kijana, alisema, kashindwa na nafsi yake.
Ukoo haukuridhia, mashangazi wamelia,
mwenyewe kajikanya, kajikanya tena, haikufaa.
"Kwa hiyo mshukuruni Mungu."

Mama alishukuru kabla kikombe hakijatua.
Mimi, nyuma ya pazia jengine, nikasema: La.

Wiki nzima alilala na kitambaa cha siki pajini.
Majirani walikuja kumpa pole, wakala.

Kisha Jumatatu, saa saba ya jua,
mwenyewe kasimama mlangoni, kichwa wazi.
Hakuleta mtu. Kaleta kofia ndani ya gazeti.
"Imekosa tundu moja," alisema. "Nimeivaa mwaka mzima sikuliona,
mpaka muuzaji wa Darajani aliponiambia mkono ni wa nani."
"Unataka nilitoboe?"
"Sitaki. Nataka kujua, Thuwaiba, usiku ule uliwaza nini."

"Sikuwaza kitu. Nilisinzia.
Watu huchoka, hata watoto wa washona kofia."

Akainamisha kichwa. Jikoni mfuniko ulianguka;
Mama alikuwa akisikiliza.

Sikumwambia ndiyo.
Nilimwambia akae, barazani petu,
juu ya jamvi
lenye matundu zaidi ya moja.