Shazia

Jino liling'oka Jumanne, saa nne na robo,
zahanati ya Kaptembwo, chumba kinachotazamana na duka la mkaa.
Daktari Jerotich akalidondosha kwenye sahani ya bati.
Gego langu la kulia, limeliwa katikati
kama punje iliyoingiwa na dumuzi.

Uma pamba, akasema. Leo usisukutue.
Na hilo donge la damu usilichokoe kwa ulimi,
ndipo mafundi watakapokanyaga.

Mafundi gani?

Akachora nyuma ya kadi yangu
kitu chembamba, kirefu, kimechongoka huku na huku.
Nikamjibu kwa mikono, maana mdomo haukuwa wangu:
hiyo shazia!

Naijua. Mwaka wa kumi na tisa huu
nashona magunia yaliyopasuka kwenye ghala la mahindi,
vumbi la pumba kwenye kope,
shilingi tano kwa gunia.

Fibroblasti, akasema, ndilo jina lao.
Nikaondoka nalo, nikilitafuna upande wa kushoto.

Usiku ganzi ikaisha, maumivu yakaingia na viatu.
Nikalala ubavu nikiwawaza:
wanapanda donge la damu
kama vibarua wanavyopanda rundo la magunia,
huyu kashika ukingo, yule anavuta,
gizani, bila Ombogo wa kupiga filimbi,
na uzi hawaletewi, wanautoa miilini mwao.
Kolajeni, kwa daktari.
Kwangu mimi ni katani.

Uzi huo unataka mapera na machungwa, aliniambia,
na ugoro uuache.
Nafula akaniletea mapera ya kwao, mfuko mzima.
Ugoro niliuacha siku tisa.
Ya kumi, nisiseme uongo, niliubana kidogo chini ya mdomo,
na nikaona haya
kama mtu aliyefagia vumbi
kuelekea wenzake walio kazini.

Ulimi ukawa mwenye nyumba asiyeamini fundi:
kila saa uko pale, unakagua.
Shimo. Bonde. Kibonde.
Kisha siku moja ukapita moja kwa moja
na mimi sikushtuka.

Wiki ya nane Jerotich akanipa kioo.
Tafuta mshono.
Nikatafuta. Nikageuza shavu kwenye mwanga.
Pawaridi, laini, kama ndani ya pera.
Na hapa kwenye kidole gumba, shazia iliponichoma
mwaka ule mahindi yalipooza kwa mvua,
kovu bado jeupe, bado linauma kukiwa na baridi.
Ngozi ile ile yangu. Damu ile ile.
Mbona mkono unakumbuka na kinywa kimesahau?

Hata yeye hakulimaliza hilo.
Alisema wa kinywani hushona, kisha hurudi,
hufumua uzi wa kwanza, hutia ulio imara,
taratibu, miezi,
mtu akiwa anakula zake githeri.

Jumatatu nikarudi ghalani.
Nikachukua gunia lililochanika kwapani,
nikalishona vile: nikashona, nikafumua, nikashona tena,
nyuzi nikizipitisha ndani ya nyuzi zake lenyewe,
hadi chai ikapita bila mimi.

Ombogo akaligeuza mara tatu.
Akapapasa. Akalirusha kule kwenye magunia mazima.
Shilingi tano zangu zikaenda nalo.

Nilicheka, Nafula ni shahidi,
kinywa wazi, hadi kwenye magego.