Meza Yenye Jiwe

Haikaeli wifi yangu, umeniuliza nilianzaje.
Nilianza vibaya.
Nilinunua kengele.
Saa mbili kamili nikaigonga barazani, wakaja watatu na sare,
nikasimama mbele yao kama mwalimu wa zamu,
na kabla ya saa nne Nsia alikuwa amelala chini ya meza,
Ombeni anachora malori pembezoni mwa hesabu,
Aikande ananitazama kwa jicho lile la miaka kumi na mitatu
lisilo na tofauti na kofi.
Kengele sasa anaivaa mbuzi.

Usiigawe siku kwa vipindi. Igawe kwa mwanga.
Huku Uru ukungu hulala migombani hadi saa tatu,
macho ya kusoma bado hayajaamka,
basi tunaanza na mikono:
mkubwa anapima unga wa uji, wa kati anachochea moto,
mdogo anahesabu vikombe.
Akikosea, kuna mtu atakunywa kwenye kifuniko cha chupa ya chai.
Usimsahihishe.
Kikombe kitamsahihisha.

Kisha mshibishe mdogo kwanza. Sisemi chakula.
Mpe robo saa yako nzima, mapajani, na kitabu cha picha,
mpaka yeye mwenyewe ateleze chini akatafute mambo yake.
Hapo mmwagie kikapu cha buni:
nyekundu huku, kijani huku,
zilizotobolewa na wadudu kule.
Utapata nusu saa ya kukaa na wenzake.
Mvua ikinyesha, dakika saba.

Kwa Ombeni nilipoteza mwezi.
Jedwali la saba lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki;
nikaimba, nikaandika ukutani, nikafoka,
Mungu anisamehe, nikafoka tena.
Kaka yako akamchukua mferejini.
Zamu yetu ya maji huja kila siku ya saba,
na mtoto akaanza kuwatangazia majirani tarehe:
saba, kumi na nne, ishirini na moja.
Kiwelu akabisha kwamba ishirini na nane ni yake.
Wakahesabu kwa vijiti kwenye tope. Kiwelu akashindwa.
Mwiba ukashuka.

Na huyu mkubwa. Hapo, wifi, usiniige.
Nilimfanya mwalimu msaidizi, nikajiona mjanja:
yeye awafundishe wadogo, mimi nipike.
Wiki ya tatu nikakuta jani la isale
juu ya daftari langu la mipango,
bichi, limefungwa fundo,
kama tunavyolifunga tukienda kuomba msamaha.
Nikamuita. Nikamuuliza amekosa nini.
Akasema, "Ni lako, mama. Nimekuchumia tu."

Nililishika kwa mikono miwili, nikamwomba.
Tangu siku ile saa nane hadi saa kumi ni zake,
anasoma juu kwenye dari ya mahindi na haulizwi kitu.
Jumanne hushuka Moshi mjini kwa mwalimu Temba,
kwa sababu kemia yangu inaishia kwenye magadi na sabuni,
na nimeona ni nafuu kulisema hilo mapema
kuliko mtoto kuligundua.

Umesema utanunua meza. Usinunue.
Yetu ina miguu mitatu na jiwe.
Juzi Nsia aliingia chini, akahesabu miguu yote,
ya meza na yetu sisi wanne:
kumi na miwili, akasema.
Ombeni akainama. Kumi na mmoja. Jiwe si mguu.
Jiwe linasimama, akajibu mdogo.
Aikande, bila kuinua kichwa,
akaandika pembeni mwa daftari: 11 + j.
Wakabishana mpaka maharage yakashika chini,
nami niliyekuwa nimepanga vitenzi
nikakwangua sufuria kimya kimya.

Hatujakubaliana bado.
Njoo Jumamosi na wanao wawili.
Nsia ameshaanza kuuliza itakuwa mingapi.