Kalipa ya Kushoto

Wanateremka Stelvio magurudumu yakinuka moshi,
kona arobaini na nane, na baada ya kona ya mwisho ni sisi:
karakana ya Notburga Platzgummer, Prad,
mlango wa kijani, mbwa mmoja asiyebweka.
Mimi ni bintiye. Nashika taa.

Leo ni daktari wa meno kutoka Stuttgart.
Pedali, asema, ililala sakafuni kama ng'ombe aliyechoka,
kona sita za mwisho kashuka kwa gia ya kwanza na sala.
Anataka aambiwe nani bora:
Wajerumani wa ATE? Wajapani wa Akebono?
Au avunje kibubu, anunue Brembo nzima nzima?

Mama hujibu akishatakata mikono,
na mikono yake haitakati kabla ya saa kumi na mbili.
Ananituma rafuni. Nampangia mgeni mezani.

Hii, ya Mjerumani: chuma kizito,
haina sura ya kumtoa nyoka pangoni,
lakini nimeiona ikirudi baada ya miaka kumi na minane ya chumvi ya barabarani,
ikapigwa brashi, ikavalishwa mpira mpya, ikaenda zake.
Hii, ya Mjapani: kimya. Inauma diski
kama mgeni anayekula bila kugonganisha sahani.
Na hii nyekundu —
hii haiuzwi.

Ilikuja kwa posta nilipotimiza miaka kumi na miwili.
Baba yuko Bergamo, kiwandani.
Aluminiamu, pistoni nne, mbili huku, mbili kule,
zinatazamana kama wacheza karata.
Haihami. Ikikazwa imekazwa,
na pande zote hubana pamoja,
hakuna anayemngoja mwenzake.
Nzuri mno. Ila ni ya kushoto tu.
Ya kulia, aliandika, inafuata.
Sasa nina miaka ishirini na moja.
Mama huiwekea juu ya risiti zisipeperuke.

Ile ya chuma ina pistoni moja.
Moja, upande mmoja. Nilimwuliza zamani
upande wa pili unabanwa na nani.
Akafungua gurudumu la gari la padri,
akakiweka kidole changu kwenye pini.
"Inasukuma pedi hii mpaka igote.
Ikikosa pa kusukuma, inajivuta yenyewe kinyumenyume,
mwili wote unateleza juu ya pini hizi mbili
na kuileta pedi ya pili."
Akajifuta kwenye aproni.
"Pini nazipaka grisi kila vuli. Zikikauka,
upande mmoja unafanya kazi yote, unalika peke yake."
Usiku ule nilimsugua mabega kwa mafuta ya msonobari
mpaka akalala kitini, viatu miguuni.

Tunainua gari la daktari.
Nyuma ya rimu inang'aa kalipa nyekundu, pana, ya kifahari.
Mama anaichokonoa kwa ukucha wa kidole gumba.
Inabanduka.
Plastiki.
Chini yake, pistoni moja, kutu,
na pini zilizosahaulika tangu kiwandani.
Daktari anamtazama mbwa.

Hakuna kilichovunjika. Mafuta yamechemka tu,
meusi kama kahawa ya jana.
"Uliyabadilisha lini?"
Daktari bado anamtazama mbwa.

Tunasafisha, tunapaka. Kisha mama ananyoosha mkono,
si kwa spana. "Lete taa," anasema,
anaitundika kwenye kioo na kupanda yeye garini.
Nabaki chini na spana namba kumi na moja,
mrija mwembamba, chupa ya jemu.

"Kanyaga."
"Nimekanyaga."
Nalegeza. Weusi unashuka, na mapovu,
mapovu madogo, moja linamkimbiza jingine.
Nakaza.
"Achia."

"Kwa hiyo," daktari anainama dirishani, "nani bora?"

"Kanyaga," nasema.
"Nimekanyaga," anasema mama.