Jina Lililoruka Mpaka

Karani wa vibali mjini Trieste
alisoma jina langu, akafinya midomo
kama mtu aliyemeza kicheko kikamkwama.
"Rana," akasema.
Nyuma ya kabati mtu akalia: kraa, kraa.
Ndipo nilipojua kwamba Waitaliano
humwita chura kwa jina aliloniita babangu.

Sikununa. Mvua ilikuwa ikinyesha siku ile,
na chura hagombani na mvua.

Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi,
Zdravko, wa kijiji cha juu kule kwenye mawe,
alinikataza kulitaja jina nikimfunga bendeji.
"Kwetu Waslovenia rana ni kidonda.
Mimi ninacho kimoja mguuni,
usije ukaniongezea cha pili."
Akacheka peke yake mpaka akapaliwa.
Wiki ya tatu kidonda kikaanza kukauka,
akawatangazia wenzake mezani, kijiko juu:
"Dawa ya moto ni moto!"

Slavica, jirani yangu, Mserbia muoka mikate,
habishani na Zdravko. Lugha zao ni za tumbo moja.
Ila kwake neno lina mlango wa uani:
rana ni ile iwahiyo,
kama cheri inayoiva kabla dada zake hawajapata rangi.
Saa kumi alfajiri hunigongea ukuta,
"Rana, umewahi?"
na mkate hunipokeza ungali unafuka.

Halafu Shahbaz.
Yeye Rana ameandikiwa mbele ya jina lake,
cheo cha ukoo kutoka Punjabi,
mababu waliopanda farasi, asema, wakapigiwa saluti.
Yeye anapanda baiskeli.
Jumamosi aliupanda mlima na pitsa za watu mgongoni,
upepo uitwao Bora ukamwinua, ukamtupa kando,
jibini yote ikahamia kwenye kifuniko.
Nilimsafisha goti.
Rana kwa Rana, tukacheka,
mfalme na chura kwenye ukingo wa barabara,
na kidonda katikati yetu.

Usiku nilimpigia babangu, Salamiya.
Baba, ulikusudia nini?
Akanyamaza. Nikasikia akisogeza kikombe.
"Siku tatu ulifumba macho.
Ya nne ukayafungua, ukanitazama,
kimya, hupepesi,
nikaona haya
kama mtu aliyeingia chumba cha mwenzake bila hodi.
Kiarabu kina neno la kutazama hivyo.
Nikakupa, kwa sababu sikuwa na kingine."

Siku hizi macho yake yana ukungu.
Ananitambua kwa kikohozi.

"Na huko," akauliza, "wanakuitaje?"
Nilitaka kumwambia yote, kuanzia kabatini.
Nikasema, wananiita vizuri, baba.

Chini ya dirisha, mtaroni,
kitu kikalitamka jina langu mara mbili.
"Nani huyo?"
Jirani, nikamjibu.